Leo Unaenda Nayo Wapi?

(Hotuba ya ibada iliyosomwa redioni. Somo: 1 Samweli 25:2-35)

Wewe uliye jikoni ukitayarisha chai, wewe unayefungua milango ya duka, na wewe uliyelala hospitalini, karibu tuketi pamoja kwa dakika chache tulitazame Neno la Mungu.

Jambo la leo huenda likawashangaza wengine. Tunataka kuzungumza juu ya bastola. Hatusemi juu ya bastola ya mwizi, kwa maana habari za mwizi sote twazijua. Tunasema juu ya bastola ya mtu mwema, yule aliyeiomba kwa Serikali, akachunguzwa, akalipa ada, akapewa cheti chake. Watu hao wamo katika makanisa yetu. Huketi pamoja nasi, hutoa sadaka, huimba, na chini ya koti kipo kitu ambacho jirani yao hakioni.

Mzee mmoja wa kanisa alitujia Jumatatu moja jioni. Yeye ni mfanyabiashara wa mahindi na maharagwe. Miaka michache iliyopita wezi walivunja ghala lake usiku, wakamfunga mlinzi kwa kamba, wakampiga hata akapoteza meno mawili, wakaenda na fedha za juma zima. Baada ya msiba huo mzee aliomba leseni, akapewa. Basi jioni ile aliketi sebuleni petu, akanywa chai nusu kikombe, ndipo akauliza: "Mchungaji, niivae siku ngapi kwa juma? Wengine wananiambia kila siku. Wengine wananiambia siku za kwenda benki tu. Na Jumapili je? Nije nayo mezani pa Bwana?"

Tulitaka kumjibu upesi, maana sisi wachungaji tuna udhaifu huo wa kupenda kujibu upesi. Lakini tuliona kikombe kikitetemeka mkononi mwake, tukafahamu kwamba kilichomleta si hesabu ya siku. Tukamwambia, "Mzee, tueleze kwanza lililotokea." Akanyamaza kitambo, kisha akatueleza. Ametupa ruhusa tuwasimulie ninyi, bila kutaja jina lake wala kijiji chake. Tutalisema baadaye kidogo. Kwanza na tutazame sheria ya nchi inasema nini, kisha Neno la Mungu linasema nini.

Katika Kenya yetu hakuna mtu aliyezaliwa na haki ya kubeba bunduki. Katiba ya 2010 haikuandika haki ya namna hiyo. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mtu aombe cheti na aonyeshe sababu njema ya kuhitaji silaha, naye mwenye kutoa cheti aridhike kwamba mwombaji hatahatarisha usalama wa watu. Mlevi na mtu asiye na akili timamu hawastahili kupewa. Tena cheti hicho hakidumu milele, bali hufanywa upya. Mnamo Desemba 2018 Serikali iliwaamuru wenye leseni wote wachunguzwe tena upya, wakubwa kwa wadogo. Sheria hiyo hiyo inahesabu kuwa ni kosa mtu kulewa au kufanya fujo hali amechukua bunduki. Na mtu akimpiga mwenziwe risasi, kisha akasema, "Nilikuwa nikijikinga," neno lake halitoshi. Atapimwa na mahakama kama hatari ilikuwapo kweli, na kama nguvu aliyoitumia ilikuwa na kadiri.

Basi mnaona, cheti ni ruhusa. Ruhusa si amri. Serikali ilikuruhusu uwe nayo, haikukuagiza utoke nayo kila unapofungua mlango. Uamuzi wa kila asubuhi umeachiwa wewe. Na pale ambapo sheria imenyamaza, ndipo dhamiri ya Mkristo inapoanza kazi yake.

Sasa tusikilizane vizuri. Hatumcheki mtu mwenye hofu. Aliyeamshwa usiku na kishindo cha mlango unaovunjwa hahitaji mahubiri ya kumwambia kwamba hatari haipo. Biblia yenyewe inamjua mwizi wa usiku. Katika Kutoka 22, mstari wa 2 na wa 3, mwizi akikutwa anavunja nyumba akapigwa hata akafa, mwenye nyumba hana hatia ya damu. Lakini jua likiwa limekwisha kumchomozea, hatia ya damu ipo. Angalieni hekima ya Mungu! Mwizi ni yule yule, nyumba ni ile ile, na mwenye nyumba ni yule yule. Kilichobadilika ni mwanga. Gizani mtu hajui aliyemjia ni nani, wala amekuja na nini. Mchana anaweza kumwona uso, anaweza kupiga kelele majirani wakaja, anaweza kumshika akampeleka kwa wakubwa. Mungu anatufundisha kwamba silaha ile ile yaweza kuwa halali saa tisa za usiku, na kuwa hatia saa tatu asubuhi.

Tena yuko Nehemia. Watu wake walijenga ukuta wa Yerusalemu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili walishika silaha. Wenye bastola hulipenda sana fungu hilo, na ni fungu jema. Lakini tulisome lote. Nehemia alijua adui zake kwa majina yao, Sanbalati na Tobia. Aliijua kazi aliyokuwa akiilinda. Kazi hiyo ilikwisha kwa siku 52, na ukuta ulipokwisha kujengwa akaweka mabawabu, watu waliochaguliwa kulinda malango kwa zamu. Nehemia alikuwa na hatari yenye jina, kazi yenye mpaka, na siku zenye mwisho. Je, wewe mwenye bastola, unaweza kutaja hayo matatu?

Wengine watasema, "Mchungaji, hatari haipigi hodi. Nitajuaje siku yake?" Hoja hiyo ina uzito, nasi hatutaikwepa. Tunaikumbuka Jumamosi ya 21 Septemba 2013, pale Westgate, Nairobi, walipouawa watu 67. Siku ile raia wenye leseni waliingia ndani ya jengo wakiwa na bastola zao, wakasaidiana na polisi kuwatoa watu. Mmoja wao alikuwa Abdul Haji, ambaye baadaye, mwaka wa 2021, akawa Seneta wa Garissa. Alikwenda kumtafuta ndugu yake aliyekuwa amenaswa ndani, akabaki kuwasaidia hata wasio ndugu zake. Wengi waliona picha ile ya msichana mdogo akikimbia kumwelekea mtu aliyemnyoshea mkono, na mtu huyo ndiye. Wako watu wanaoishi leo kwa sababu siku ile wenye bastola hawakukimbia. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yao, wala hatutasema neno la kuwadharau.

Lakini ndugu wapenzi, Westgate ilikuja siku moja. Siku nyingine zote za mwaka huja na mambo yake, nayo ndiyo tunayoyajua zaidi: msongamano wa magari, dereva wa matatu anayekukatia njia, mdeni asiyelipa, shemeji mwenye maneno, mkutano wa ukoo. Mtu anayeivaa bastola kila siku kwa ajili ya siku moja isiyojulikana, anaivaa pia katika siku hizo zote. Hapo ndipo tunapomwita Daudi atufundishe.

Daudi alikuwa na kila sababu ya kuwa na upanga. Samweli alikuwa amempaka mafuta, na mfalme Sauli alikuwa akimwinda kama ndege milimani. Tena Daudi hakuwa mtu wa fujo. Katika sura ya 24 ya 1 Samweli, Sauli aliingia katika pango ambamo Daudi amejificha, akawa mkononi mwake kabisa. Daudi akakata upindo wa vazi lake tu, na hata kwa hilo moyo wake ukamsumbua. Mtu wa namna hiyo, nani kati yetu asingempa leseni?

Fungueni sasa ukurasa unaofuata. Nabali, tajiri mwenye kondoo 3,000 na mbuzi 1,000, alikuwa akikata manyoya ya kondoo zake huko Karmeli. Vijana wa Daudi walikuwa wamewalinda wachungaji wake nyikani. Daudi akatuma vijana 10 kwa salamu na heshima, kuomba chakula cha sikukuu. Nabali akawatukana, akauliza Daudi ni nani hata apewe mkate wake. Basi. Hakuna aliyepigwa, wala mtu hakuibiwa. Ni tusi tu na kunyimwa chakula. Daudi akawaambia watu wake kila mtu ajifunge upanga wake, naye akajifunga wake, wakashuka watu kama 400. Aliapa kwamba kufikia asubuhi hatasaza mwanamume hata mmoja katika nyumba ile. Hata mtumishi wa shambani angekufa kwa ajili ya ulimi wa bwana wake.

Mmemwona? Mtu aliyejizuia mbele ya mfalme aliyetaka kumwua, hakuweza kujizuia mbele ya tajiri aliyemtukana. Hatari ya kweli haikumshinda, ila dharau ndiyo iliyomshinda. Na upanga ulikuwa pale pale kiunoni, karibu zaidi kuliko sala.

Ndipo Mungu akamtumia mwanamke. Abigaili, mke wa Nabali, akatwaa mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliotengenezwa, bisi, zabibu kavu na mikate ya tini, akavipakia juu ya punda, akaenda kumlaki njiani. Akaanguka miguuni pake. Hakumwambia kwamba Nabali ana haki. Alimkumbusha kwamba siku moja atakuwa mtawala, na siku hiyo itakuwa vema asiwe na kumbukumbu ya damu aliyoimwaga bure. Daudi akasikia. Akamhimidi Mungu, akambariki mwanamke yule kwa kumzuia asimwage damu. Hakuona haya kuzuiwa.

Sasa turudi kwa mzee wetu.

Jumamosi iliyotangulia, ukoo wake ulikutana juu ya mpaka wa shamba. Mpaka huo baba yao aliupanda minyaa zamani, na baba amekwisha kufa. Mtoto wa ndugu yake, kijana wa miaka 28, akasimama mbele ya wazee na wanawake, akasema kwamba baba mkubwa alihamisha minyaa ili aongeze shamba lake. Akamwita mwizi. Mzee wetu, aliyeibiwa ghala zima, akaitwa mwizi na mtoto aliyemlipia karo ya shule.

"Mchungaji," akatuambia, "sikukumbuka kwamba ninayo. Mkono ndio uliokumbuka."

Mkono wake uliingia chini ya koti. Wazee hawakuona. Kijana hakuona. Mama watoto wake, aliyekuwa ameketi upande wa wanawake, aliona. Akainuka, akapita katikati ya mkutano, jambo ambalo si desturi, akamgusa bega, akasema kwa sauti ya chini, "Baba Mueni, twende nyumbani. Umechoka." Akamfuata kama mtoto. Watu walidhani amekasirika tu, wakamlaumu kijana kwa utovu wa adabu. Walipofika nyumbani alitoa risasi, akaifungia bastola katika sanduku la chuma, akakesha usiku kucha.

Tukamwuliza, "Mzee, siku ile ulikuwa umeivaa kwa sababu gani?" Akafikiri. Hakuwa na fedha mfukoni. Hakuna mtu aliyekuwa amemtisha. Mkutano ulikuwa mchana, nyumbani kwa ndugu yake. Mwishowe akasema, "Niliivaa kama ninavyovaa saa."

Wapenzi wasikilizaji, hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Kitu kinachoweza kumtoa mtu roho kisivaliwe kama saa ya mkono. Hatusemi kwamba mwenye leseni asiivae kamwe. Tunasema kwamba asiivae bila sababu anayoweza kuitamka. Mzee huyu akienda sokoni kununua magunia, akirudi jioni na fedha za watu kwa barabara ile ile ambayo wenzake walivamiwa, anayo sababu, na anaweza kuitaja mbele za Mungu na mbele ya hakimu. Akienda kwenye mkutano wa mpaka, kwenye mazungumzo ya mahari, kwenye matanga ambapo ndugu watagawana mali, au mahali palipo na pombe, hapo sababu haipo, na hata kama ingekuwapo, ni heri atafute njia nyingine. Ama asiende, ama aende na wazee wawili, ama amwombe chifu awepo.

Lakini wako wenye ujuzi wa silaha wanaotoa onyo, na onyo lao ni la haki. Husema kwamba mtu wa kuivaa leo na kuiacha kesho huwa mzembe. Siku ya kuiacha huitupa ndani ya gari, chini ya kiti, nayo ikaibwa. Ama huiweka juu ya kabati, na mtoto hupanda kiti akaishika. Tunalipokea onyo hilo. Ndiyo maana tunasema: kama huna sanduku la chuma lenye kufuli, lililofungwa imara ukutani au sakafuni, huna bastola, una msiba unaosubiri siku yake. Torati ilisema juu ya ng'ombe mwenye kupiga watu pembe. Mwenyewe akiwa ameonywa, naye asimfunge, ng'ombe akaua mtu, damu ilihesabiwa juu ya mwenye ng'ombe. Fungu hilo ni Kutoka 21:29. Nasi sote tumekwisha kuonywa juu ya bastola. Hakuna atakayesema hakujua kwamba inapiga.

Liko jambo jingine zito, nasi tunaomba mlisikilize kwa upole. Nchi yenye bunduki nyingi mikononi mwa raia kuliko nchi nyingine yoyote ni Marekani. Huko haki ya kuwa na silaha iliandikwa katika Katiba mwaka wa 1791, na mnamo Juni 2022 Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile iliamua kwamba haki hiyo inafika hata nje ya nyumba. Je, bunduki hizo huwaua akina nani? Katika mwaka wa 2021 watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa risasi huko Marekani, na zaidi ya 26,000 kati yao walijiua wenyewe. Zaidi ya nusu! Mtu huinunua kwa ajili ya mwizi, na mwizi haji. Huja deni, huja msiba, huja ugonjwa wa moyo kuvunjika, nayo iko karibu. Kwa hiyo, ndugu, ukiwa katika huzuni nzito, ukiwa huli wala hulali, usiivae, wala usilale nayo chumba kimoja. Nenda kituo cha polisi uombe waihifadhi mpaka upone, kisha umwone mchungaji wako na daktari. Kufanya hivyo si aibu. Daudi pia alizuiwa, akamshukuru aliyemzuia.

Na Jumapili je? Mzee alituuliza kama aje nayo mezani pa Bwana. Swali hilo si la mchezo tena katika Kenya. Tunaikumbuka Jumapili ya tarehe 1 Julai 2012 kule Garissa, makanisa mawili yaliposhambuliwa wakati wa ibada, watu wasiopungua 15 wakauawa. Katika kanisa moja walikuwapo polisi wawili wenye bunduki. Waliuawa kwanza, na bunduki zao zikachukuliwa. Kwa hiyo tusidanganyike kwamba silaha mlangoni ni ukuta. Lakini tukumbuke pia lililofuata. Viongozi wa Waislamu walitangaza kwamba vijana wao watasaidia kulinda makanisa ya jirani zao Wakristo. Ulinzi ule hakuna awezaye kuununua dukani. Hupatikana kwa miaka mingi ya kusalimiana, kuzikana na kukopeshana sukari.

Tena tunakumbuka kanisa moja la Texas, huko Marekani, tarehe 29 Desemba 2019. Mtu aliinuka wakati wa Meza ya Bwana akawapiga risasi washiriki wawili, wakafa. Kwa muda wa sekunde 6 tu, mmoja wa walinzi wa kanisa alimpiga, na mauaji yakakoma. Wako wanaolitumia tukio hilo kusema kila mshiriki aje na bastola. Sisi twaona somo lingine. Aliyepiga alikuwa mwalimu wa shabaha, na alikuwa amewekwa na kanisa kwa kazi hiyo. Washiriki wengine kadhaa nao walichomoa bastola zao ndani ya umati ule, na ni kwa neema ya Mungu kwamba hawakupigana wao kwa wao, maana katika fujo nani amjuaye rafiki?

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Kanisa likiona lina hatari ya kweli, jambo hilo liamuliwe na baraza la wazee, si na mfuko wa mtu mmoja. Wachaguliwe wachache, wenye leseni na mafunzo, wanaojulikana na wazee na polisi, wasimame mlangoni kama mabawabu wa Nehemia. Wengine wote waje na Biblia zao tu. Mtu asije mezani pa Bwana na siri kiunoni.

Hata wanafunzi wa Bwana waliuliza swali hili. Katika Luka 22 walimwonyesha panga mbili, naye akawaambia zatosha. Wataalamu wamebishana sana juu ya neno hilo, nasi hatutamaliza ubishi wao leo. Lakini usiku ule ule Petro alikwenda bustanini na upanga wake. Alikuwa na usingizi, alikuwa na hofu, tena alimpenda Bwana wake kwa kweli. Akauchomoa, na aliyempata alikuwa Malko, mtumishi wa watu, akamkata sikio. Hakumpata kuhani mkuu, wala Yuda. Yesu akamgusa yule mtumishi akamponya, akamwambia Petro aurudishe upanga mahali pake. Ndugu, Petro alikuwa na bahati ambayo sisi hatunayo. Yesu alikuwa amesimama karibu, akaliponya sikio papo hapo. Risasi ikimpata Malko wa leo, kijana wa miaka 28 aliyesimama kando ya minyaa, tutairudishaje?

Mwaweza kuuliza mzee wetu alifanya nini. Hakuiuza bastola yake, nasi hatukumwagiza aiuze. Barabara ya sokoni bado ina wezi. Lakini yeye na mkewe walipatana jambo moja. Kila asubuhi anapolifungua sanduku lile, na ufunguo ni wake peke yake kama sheria inavyotaka, mkewe ana ruhusa ya kumwuliza: "Leo unaenda nayo wapi?" Naye ni lazima ajibu kwa neno moja lililo wazi. Sokoni. Benki. Asipokuwa na jibu, au jibu likianza kwa "kwa kuwa tu," anaifungia tena. Juma la kwanza, alituambia, aliifungia siku 4 kati ya 6. Jumapili haulizwi.

Kisha alimwendea kijana yule. Hakumwambia lililokuwa chini ya koti, maana mzigo huo si wa kijana kuubeba. Alimwomba waende pamoja kuupima mpaka, na mpimaji aliyelipwa na wote wawili. Mpaka sasa hawajamaliza. Kijana bado ana maneno makali, na mzee bado anaumia akiyasikia. Lakini wanapima kwa kamba, na mikono yote miwili ya mzee inaonekana.

Wewe mwenye cheti unayetusikia asubuhi hii, kabla hujatoka, jiulize swali la mama yule. Kama unaye wa kukuuliza, mpe ruhusa, wala usimkasirikie. Na wewe usiye na cheti, usifikiri neno hili limekupita. Kila mmoja wetu anabeba kitu chini ya koti: ulimi, kalamu ya ofisini, siri ya mtu, cheo. Navyo twavivaa kama saa.

Tuombe. Bwana Mungu wetu, wewe uliyemzuia Daudi njiani, utuzuie na sisi. Uwalinde walio na hofu usiku huu. Uwaponye waliopoteza wapendwa wao kwa risasi. Uwape wenye silaha kichwa kilichotulia, na utupe sisi sote watu wa kutuambia kwa sauti ya chini, twende nyumbani. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.